Povu la Asali: Kinywaji cha Misitu ya Mpanda na Ardhi Iliyokizaa

Neno mzinga limebeba maana tatu. Kwa mkaazi wa Unguja apitaye kila siku mbele ya Ngome Kongwe, mzinga ni silaha ya chuma iliyoletwa na merikebu za wageni. Kwa kijana wa mjini, mzinga ni chupa kubwa ya kileo. Kwa mtu wa bara ya magharibi, mzinga ni gogo lililotobolewa, au gamba la mti lililokunjwa na kushonwa, likatundikwa juu ya tawi ili nyuki waje wakae. Hapana shaka maana hii ya mwisho ndiyo kongwe kuliko zote. Nyuki walikuwako kabla ya baruti, na aliyeuona mrija mnene wa chuma kwa mara ya kwanza aliupa jina la kitu alichokijua, yaani gogo lenye uwazi ndani. Maana ya chupa ndiyo changa, nayo imelirudisha neno karibu na asili yake bila ya walioianzisha kujua. Kwani katika misitu ya Mpanda kinywaji chenye povu kilitoka mzingani tangu zamani.

Kinywaji hicho, katika sehemu kubwa ya bara ya kati na magharibi ya Tanzania, huitwa wanzuki. Ni asali iliyochanganywa na maji, ikaachwa ichachuke, ikanywewa ingali inachemka kwa chachu yake yenyewe. Sikio la mpenda lugha litamsikia nyuki ndani ya jina lake. Pwani ilipokea neno asali kutoka kwa Waarabu, ingawa nyuki na nta zilibaki na majina yao ya Kibantu. Bara, lugha nyingi hazikuona haja ya kuazima: asali yenyewe ingali ikiitwa kwa mzizi wa nyuki, kama Wagikuyu wasemavyo uuki. Hivyo mtu wa Unyamwezi au Ukonongo alipokunywa kinywaji hiki, alikunywa kitu kilichotajwa kwa jina la mdudu wake.

Habari ya kinywaji cha namna hii yafaa ipimwe kwa kipimo cha vinywaji vyenye heshima kubwa zaidi duniani, yaani mvinyo wenye povu wa Ulaya. Mashamba ya kifamilia yatoayo mvinyo huo yana mambo matatu: ukoo, ardhi na jina. Katika jimbo la Champagne, kaskazini ya Ufaransa, mizabibu imesimama juu ya ardhi ya chokaa, na baridi ya kipupwe ilikuwa ikiilaza chachu kabla haijamaliza kazi yake. Joto liliporudi, chachu iliamka ndani ya chombo kilichokwisha kuzibwa, na hewa iliyozaliwa humo ikakosa pa kutokea. Hapo kwanza povu lilihesabiwa kuwa kasoro, maana chupa zilipasuka. Mtawa Dom Pérignon, aliyefariki mwaka 1715 na ambaye masimulizi humtaja kuwa ndiye mvumbuzi wa povu, kwa kweli alihangaika kulizuia. Barbe-Nicole Ponsardin, aliyefiwa na mumewe mwaka 1805 akiwa na umri wa miaka 27, aliiendesha biashara ya familia ya Clicquot kwa ustadi hata ujane wake ukawa jina la mvinyo wenyewe. Huo ndio ukoo. Chokaa na baridi ndiyo ardhi. Jina ni jambo la tatu, nalo litarejewa, kwa kuwa ndilo lenye mgogoro.

Wafaransa wana neno moja kwa udongo, mteremko, mvua, upepo na mazoea ya watu, vyote vikichukuliwa pamoja kuwa ndivyo vinavyokipa kitu ladha yake. Mswahili hukaribia maana hiyo asemapo kwamba mahali fulani pamemkubali au pamemkataa. Swali ni kama misitu ya Mpanda nayo ina ladha ya namna hiyo, na ni nani aliyeitunza.

Kakese ni kata ya Manispaa ya Mpanda, katika Mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kuugawa Mkoa wa Rukwa. Leo Kakese yajulikana kwa mpunga. Sehemu moja yake huitwa Kakese Mbugani, na jina hilo tayari ni somo la udongo. Katika nchi hii, juu ya miinuko, udongo ni wa kichanga, mwekundu au wa rangi ya majivu, usio na rutuba nyingi. Chini, maji yanapokusanyika, ni mfinyanzi mweusi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kugeuka tope zito wakati wa masika. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani katika milima ya Usambara, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba udongo wa Afrika Mashariki yafaa usomwe kama mnyororo: wa kileleni, wa mteremkoni na wa bondeni ni ndugu wa tumbo moja waliotenganishwa na maji. Neno mbuga liliingia katika vitabu vya wataalamu wa udongo kwa maana ya ule mweusi wa chini. Neno miombo nalo liliingia katika vitabu vya wataalamu wa mimea kwa maana ya msitu wa juu. Nchi za ng'ambo zilizijua pande mbili za ardhi ya Kakese kwa majina yake ya kienyeji, hata kama hazikumjua mwenyeji.

Miombo ndiyo shamba la mizabibu la nchi hii. Miti yake mikuu ni myombo wenyewe, mtundu na muba, na kati yake husimama mninga, ambao pwani huujua kwa milango na samani. Miti hii imeumbwa kuishi juu ya mchanga maskini: mizizi yake hushirikiana na kuvu wa ardhini katika kutafuta chakula, nayo huteremka chini sana kuyafuata maji. Kwa sababu hiyo hutokea jambo linalomshangaza mgeni. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya tone la kwanza la mvua, wakati majani yote ya ardhini yamekwisha kuungua na vumbi limetanda, mtundu huchipua majani mekundu kama shaba na kuchanua maua. Nyuki hupata chakula wakati ambapo binadamu angali anatazama mawingu. Muba hungoja, wenyewe huchanua kuelekea mwisho wa masika. Kwa hiyo msitu hutoa asali mara mbili kwa mwaka, na asali ya msimu mmoja si sawa na ya msimu mwingine kwa rangi wala kwa harufu. Mrina asali aonjaye hujua ni mti gani uliompa, kama vile mwenye mizabibu ajuavyo mteremko uliozaa zabibu zake.

Nyuki wa huku ni mkali, mwepesi wa kuhama. Njaa au moto ukimkuta, huondoka na kundi lake lote asiache nyuma ila masega makavu. Kwa hiyo mzinga wa Ukonongo hautiwi nyuki. Hutundikwa mtupu, ukangoja. Ni mwaliko, na mwenye mzinga hana amri juu ya mgeni wake. Hutundikwa juu ili nyegere asiufikie, na katika makabila mengi ya Afrika Mashariki kila mwenyewe huijua mizinga yake kwa alama. Mtu mmoja aweza kuwa na mizinga kumi, na mwingine mamia, iliyotawanyika mwendo wa siku kadhaa. Wanaume wa ukoo hutoka pamoja wakati wa msimu, hupiga kambi msituni kwa majuma, na hurina usiku kwa moshi, wakati nyuki hawaoni vyema. Baba humfundisha mwana, na mjomba humfundisha mpwa, ni mti upi hupendwa na nyuki, na ni kijito kipi hakikauki. Hakuna ukuta wala hati. Lakini mwenye kuuliza shamba la familia liko wapi, jibu lake ni njia hizo zinazopita kutoka mti hadi mti, ambazo ukoo umezijua kwa vizazi.

Pishi la shamba hilo ni kibuyu au mtungi. Asali iliyoiva ni sukari tupu karibu: sehemu nne katika tano ni sukari, na maji hayafiki sehemu ya tano. Ndani yake chachu ipo, lakini imelala, kwa kuwa utamu mwingi mno huikausha. Maji yakiongezwa, huamka. Hula sukari, na kwa kila ilacho hutoa vitu viwili, kileo na hewa. Na hewa hiyo ndiyo ipandayo ikawa povu. Mpishi wa wanzuki huchanganya asali, au masega yaliyokwisha kukamuliwa, na maji ya vuguvugu, hutia masimbi ya pombe iliyotangulia ili kuharakisha, akaweka chombo mahali pa joto. Siku za mwanzo kinywaji ni kitamu na chenye povu jingi. Kadiri siku zipitavyo utamu hupungua na ukali hupanda. Hapa ndipo wanzuki hutofautiana na mvinyo wa Champagne. Kule povu hufungwa kwa kizibo na waya, likaweza kungoja miaka pishini na kuvuka bahari. Hapa povu ni la leo. Halisafiri. Atakaye kulionja hana budi aje mwenyewe mahali lilipozaliwa, na hilo ndilo lililokitunza kinywaji hiki kuwa cha nchi yake, na ndilo pia lililokinyima sifa ya mbali.

Ndugu za wanzuki ni wengi. Wahabeshi wana teji, wanaoitia majani na vijiti vya mti wa gesho ili ipate uchungu. Wagikuyu wana muratina, waliyoipa jina la tunda la mwegea linalotiwa ndani yake. Hata ng'ambo ya bahari, Yemen ilikuwa na kinywaji cha asali kilichoitwa bit'u. Wapokezi wa hadithi wamesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliulizwa habari za kinywaji hicho, naye akajibu kwa kanuni moja iliyokusanya vinywaji vyote vilevyavyo, kwamba ni haramu. Msomaji wa visiwani anayeshika kanuni hiyo ataisoma historia hii pasi na kuionja, na hakuna akosacho. Kwani Qurani yenyewe ina sura iitwayo Nyuki, inayowaita watu waione ajabu ya kile kitokacho matumboni mwa mdudu huyu. Dini nyingine iliyofika Mpanda ilikuwa na shida tofauti. Wamisionari wa White Fathers walipoichukua stesheni ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, sheria ya kanisa lao ilidai mvinyo wa misa utokane na zabibu, si kitu kingine. Katikati ya nchi iliyojaa kinywaji cha asali, mvinyo wa ibada ulilazimika kutoka mbali.

Nta ilikwenda njia iliyo kinyume. Asali ni nzito na huvuja. Nta ni nyepesi, haiozi, na ilikuwa na wanunuzi. Chini ya utawala wa Wajerumani nta ya Unyamwezi ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoteremka pwani na kupakiwa melini, ikawa mishumaa, dawa ya kung'arishia samani na mafuta ya kujipaka. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mzigo huo ulipata wepesi zaidi. Mfanya biashara wa pwani aliijua bara ya magharibi kwa nta yake, pasi na kufikiri sana ni nini kilichotokea kwa asali iliyokuwa ndani ya masega hayo. Jibu ni kwamba nyingi ilinywewa. Nta ilisafiri ikawapa watu fedha, na asali ilibaki nyumbani ikawa pombe ya ngoma, ya mahari, ya mavuno na ya matambiko. Biashara na kinywaji vililishana: kila kipande cha nta kilichofika bandarini kilikuwa na mtungi wake uliobaki bara.

Kama ardhi hii ilikuwa na mlinzi, mlinzi wake alikuwa mdudu mwingine, naye ni ndorobo. Pale ambapo ndorobo yupo, ng'ombe hawezi kuishi, na pasipo ng'ombe msitu haukatwi kwa malisho. Watu wa miombo waliukosa utajiri wa mifugo wakapewa utajiri wa nyuki. Lakini ndorobo alidai malipo yake. Katika miaka ya 1920 ugonjwa wa malale ulienea magharibi mwa Tanganyika, na serikali ya Waingereza, kwa ushauri wa daktari wake George Maclean, iliamua kuwatoa watu katika vijiji vidogo vilivyotawanyika msituni na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa. Inyonga, katika Ukonongo, ilikuwa mojawapo ya makazi hayo. Hoja ya daktari ilikuwa na ukweli: mtu mmoja mmoja kati ya miti ni windo la ndorobo, na walio hatarini kuliko wote walikuwa wawindaji na warina asali. Maisha mengi yaliokolewa. Pamoja na hayo, familia zilizokuwa zikilala karibu na mizinga yake sasa zilikuwa mwendo wa siku nyingi mbali nayo. Mashamba ya zamani yalirudi kuwa pori. Tangu hapo, kurina asali kukawa safari ya kwenda mahali ambapo babu aliishi na mjukuu hakai.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, nchi ilitazamwa upya na wenye hesabu. Huko Mpanda palipatikana madini ya risasi, na kwa ajili yake ilijengwa reli kutoka Kaliua, urefu wa kilomita zipatazo 210, iliyofika Mpanda mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na mji ukabaki mwisho wa reli. Wakati huo huo nyuki nao walipata ofisi: mwaka 1949 serikali iliunda idara ya ufugaji nyuki, makao yake yakiwa Tabora. Mtaalamu wake mashuhuri, F. G. Smith, aliwachunguza nyuki wa Tanganyika kwa makini, na mwaka 1961 akawapa majina ya kisayansi nyuki wa milimani na nyuki wa mwambao. Nyuki wa pwani, ajengaye katika minazi na mikoko, alipata jina lake la kitabuni kutoka kwa mtu aliyehangaika na asali ya bara. Yeye na wenzake waliliona pia tatizo lililokuwa ndani ya ufundi wenyewe: gamba la kutengenezea mzinga hubanduliwa kwa kuuzunguka mti mzima, na mti uliobanduliwa hivyo hufa. Mrina asali alikuwa akiukata mzabibu ili apate pipa.

Baada ya uhuru, warina asali wa Tabora waliunda chama chao cha ushirika katika miaka ya 1960, na asali, ambayo zamani haikuwa na mnunuzi wa mbali, ikaanza kuuzwa nchi za nje. Lakini watu walihamishwa tena. Mwaka 1974 Katavi ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na mwaka 1998 ikapanuliwa kufikia kilomita za mraba 4,471. Kandokando ya ziwa dogo lenye jina hilo husimama mkwaju ambao mapokeo ya wenyeji yasema ni makao ya roho ya Katabi, mwindaji wa zamani, na watu huweka sadaka zao chini yake. Jina la mwindaji likawa jina la mahali pasipowindwa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, Operesheni Vijiji iliwakusanya wakulima wa nchi nzima, na Mpanda haikubaki nyuma. Vilevile wakimbizi waliotoka Burundi kufuatia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, wakafyeka miombo na kuigeuza mashamba. Kila hatua ilikuwa na sababu yake: tiba, uhifadhi, maendeleo, huruma. Zikijumlishwa pamoja, zilimweka mtu mahali pamoja na msitu mahali pengine, na kati yao ukawekwa mpaka wenye mlinzi.

Hata hivyo sheria nayo ilikuja kuutambua ufundi huu. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ilitolewa mwaka 1998, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2002. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wafuga nyuki wa Inyonga, wakisaidiwa na shirika la Uswisi liitwalo ADAP, walipata eneo la nyuki ndani ya msitu wa hifadhi wa Mlele, walilinde na kulitumia wenyewe. Mizengo Pinda, mwana wa Kibaoni katika nchi hiyo hiyo, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2008 hadi 2015, aliwahimiza Watanzania wafuge nyuki, naye mwenyewe akafuga. Mizinga ya masanduku ilienea, isiyohitaji kumbandua mti gamba lake. Kwa mara ya kwanza tangu siku za Maclean, msitu na mtu walipewa tena sababu ya kuonana kwa ruhusa.

Kakese ilichukua njia nyingine, na hapana wa kuilaumu. Udongo mweusi wa mbuga hupenda mpunga, na mpunga humpa mkulima fedha kwa msimu mmoja. Wakulima na wafugaji kutoka Usukuma na kwingineko walihamia nchi ya Mpanda kwa wingi, na palipofyekwa ndorobo alipungua na ng'ombe akaweza kuishi. Juu ya miinuko tumbaku ilidai mchanga ule ule ambao miombo ilikuwa imeusimamia, kisha ikadai na kuni za kukaushia majani yake. Tofauti ya mazao haya na asali ni ndogo kuieleza na kubwa kuiishi. Ua la mpunga kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Halina asali ndani yake. Nyuki aliyekuwa akishuka kutoka kwa mtundu hadi kijitoni huvuka sasa bahari ya kijani asiyoweza kutua kupata chakula. Mnyororo ambao Milne aliusoma kutoka kileleni hadi bondeni umebaki na pete za chini tu.

Kinywaji nacho kimebadilika. Msitu ulipokuwa mbali na asali ikapanda bei, wapishi wengi wa mijini waligeukia sukari ya dukani. Chachu haibagui, hula sukari ya miwa kama ilavyo ya maua, na povu hupanda vilevile. Kinachotoka bado huitwa wanzuki, ila nyuki hayumo tena ila katika sauti ya jina. Hakina msimu, hakina mti, hakina mahali. Anayekinywa Mpanda na anayekinywa mji mwingine wowote wanakunywa kitu kimoja.

Hapa lile jambo la tatu, jina, larejea. Mwaka 1911 wakulima wa mizabibu wa Champagne walifanya ghasia, wakavunja mapishi na kumwaga mvinyo barabarani. Kilichowakasirisha ni kwamba wenye viwanda walikuwa wakileta zabibu za bei nafuu kutoka majimbo mengine na kuuza mvinyo wake kwa jina la Champagne. Walijua kwamba povu laweza kutengenezwa popote, na kwamba jina likikubali kufunika zabibu yoyote, ardhi ya chokaa haitakuwa na thamani kuliko ardhi nyingine. Mwaka 1936 mipaka ya jina hilo ilithibitishwa kisheria. Visiwani hoja hii si ngeni. Zanzibar ilitunga Sheria ya Mali za Viwanda mwaka 2008, inayotambua kwamba jina la mahali laweza kuwa haki ya watu wa mahali hapo, na karafuu ilikuwa ndiyo iliyofikiriwa mbele ya vyote. Karafuu ya Pemba yajulikana ni ya Pemba. Asali ya miombo huondoka Mpanda ndani ya madumu, ikachanganywa na nyingine njiani, na mnunuzi wa mwisho husoma juu ya chupa jina la muuzaji, asijue mtundu wala muba.

Yaweza kusemwa kwamba kinywaji cha siku tatu hakihitaji historia, na kwamba nchi yenye mpunga wa kutosha haina haja ya kulilia povu. Ni neno zito, hasa likisemwa na mwenye njaa. Lakini msitu wenye mizinga ni msitu wenye mtu wa kuutetea, kwa kuwa ndani yake ana mali isiyohitaji kukata mti. Na mtu huyo huutetea kwa kadiri mali yake inavyojulikana kwa jina. Ukoo ulikuwapo Ukonongo, na ardhi ilikuwapo. Ukoo uliondolewa juu ya ardhi mara tatu ukairudia kila mara kwa njia za usiku, na moshi mkononi. Jina ndilo ambalo hakuna aliyelidai, kwa sababu katika siku ambazo kila mnywaji aliujua mti, halikuwa na kazi.

Nyuki huondoka pasipo kuaga, na huweza kurudi vivyo hivyo. Desturi ya mrina asali ni kuutundika mzinga hata mwaka ambao maua ni haba, akaupaka nta kidogo mlangoni ili harufu iwaite, akaenda zake. Miinuko ya Mpanda ambayo haijafyekwa ingali na mizinga ya namna hiyo, mingine ikiwa na wenyeji, mingine mitupu. Mzinga mtupu hauhesabiwi kuwa hasara. Mwenyewe husema tu kwamba wageni bado hawajafika.